Gauni Lililorudi Mara Nne

Mjini kwetu hakuna aliyetuamuru tukae ndani. Nalisema hili mapema kwa sababu wageni, nikiwaambia kwamba nilijifungia nyumbani karibu miaka minne kwa ajili ya korona, hutikisa vichwa wakidhani wamenielewa. Hawajanielewa. Bujumbura mipaka ilifungwa, sawa, ndoo za maji zikawekwa milangoni, sabuni ya buluu ikashuka bei, lakini soko liliendelea, misikiti na makanisa yaliendelea, na mpira ulichezwa watu wakaenda kuutazama. Mimi nilijifungia mwenyewe, na ndiyo maana hakuna aliyenifungulia. Wenzetu wa nchi nyingine walisikia redioni siku moja kwamba yamekwisha, wakatoka. Redio yangu haikunitangazia kutoka, kwa kuwa haikuwa imenitangazia kuingia.

Mimi ni fundi cherehani, nguo za kike. Kabla ya hapo nilishona Buyenzi, mtaa niliozaliwa, kwenye baraza lenye cherehani nne. Jirani yangu wa kushoto alikuwa mtu mzima mcheshi, mpenda kahawa, aliyeazima mkasi wangu kila siku na kuurudisha huku akinipa pole kwa kuwa na mkasi butu. Wiki moja akaanza kukohoa. Jumatatu alikohoa akicheka, Jumatano akakohoa bila kucheka, Ijumaa tukamzika. Hakuna aliyesema ni korona na hakuna aliyesema siyo. Nilirudi Gasenyi, huku juu kaskazini, ambako nilikuwa nimepanga nyumba ya vyumba viwili na ua tangu mimi na mke wangu tulipoachana. Nikauosha ule mkasi kwa sabuni ya buluu, nikauosha tena, kisha nikampigia simu mtu wa mkokoteni aniletee cherehani yangu nyumbani.

Fundi wa nguo za kike hupima mwili. Unasimama karibu, unazungusha utepe kifuani, kiunoni, kwenye nyonga, unapumua hewa ya mtu na yeye anapumua yako. Hilo ndilo lililonishinda. Basi nikawaambia wateja kwamba tangu sasa nafanya kazi kwa kipimo tu, yaani mteja aniletee gauni lake la zamani linalomkaa vizuri, aliweke kwenye kikapu nilichokitundika nje ya geti, pamoja na kitambaa kipya. Mimi nilianika vyote juani siku mbili kabla ya kuvigusa, nikalipima lile la zamani, nikakata jipya. Mafundi wote hutumia kipimo mara moja moja, mteja akiwa safarini au akiwa na haraka. Mimi nilikifanya kuwa sheria. Wateja waliopenda soga walinikimbia. Waliobaki walinifaa.

Mama alikuja mara moja. Wakati huo alikuwa amekwisha kuhamia Kibenga, kusini karibu na ziwa, kwa dada yangu mkubwa ambaye mumewe alijenga huko. Alipanda mabasi mawili na bakuli la wali na maharage limefungwa kwenye kitambaa. Nilifungua geti nusu.

“Fungua yote basi, mutoto wangu. Chakula inapoa.”

“Iweke chini hapo, mama. Urudi nyuma kidogo.”

“Mi ni mama yako.”

“Najua, mama. Urudi nyuma.”

Alikuwa amekwisha kufungua mikono, kama tunavyoamkiana hapa kwetu, mtu ashikwe mabega, shavu kwa shavu, aulizwe habari za nyumba nzima. Mimi nikarudi hatua mbili. Mikono yake ilibaki hewani kidogo, halafu akaitumia kutengeneza mtandio wake, kana kwamba aliiinua kwa ajili hiyo. Aliweka bakuli chini, akaniombea dua, akaondoka. Hakuja tena, na mimi sikumwuliza kwa nini. Nina aibu ya jambo hilo mpaka leo. Wakati ule aibu yenyewe ilikuwa sababu nyingine ya kutotoka.

Watu hudhani aliyejifungia ametulia. Natamani ingekuwa hivyo. Toka mlangoni hadi ukuta wa nyuma ni hatua kumi na moja, na nadhani nimezitembea hatua hizo zaidi kuliko njia yoyote ya mji huu. Niliihamishia cherehani dirishani kwa ajili ya mwanga, nikairudisha ukutani kwa sababu ya kelele za njiani, nikaipeleka tena dirishani kwa sababu kimya kilinichosha. Nilianza nguo tatu kwa mpigo, nikaziacha zote zikiwa na mkono mmoja mmoja. Redio niliigeuza stesheni mpaka kitufe kikang'oka. Geti langu lina uwazi chini, upana wa kiganja, na kupitia hapo niliwajua majirani kwa viatu na mapindo ya suruali. Kulikuwa na bwana mmoja mwenye viatu vizuri sana na pindo lililoshonwa na mtu asiye na huruma. Miaka miwili nilitamani kumwita nimrekebishie, na sikumwita.

Niliwadanganya watu wa mitaa miwili kwa pamoja. Jirani zangu Waislamu wa Gasenyi wakiniuliza kwa juu ya ukuta mbona hawanioni Ijumaa, niliwaambia naswali Buyenzi, nilikozoea. Wa Buyenzi wakinipigia simu niliwaambia msikiti wa karibu unanitosha. Kisha mafuta ya magari yakaadimika mjini, mabasi yakawa ya kuviziwa, watu wakasimama foleni toka asubuhi, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilipata udhuru ambao kila mtu aliukubali. Ningekuja mama, lakini si unaona mwenyewe hakuna esansi?

“Naona,” mama alisema kwenye simu. Nilimpigia kila Ijumaa baada ya swala ya adhuhuri, kwa simu yangu ndogo ya vitufe. Sauti yake ilikuwa nzima. Aliniuliza nimekula nini, akanisimulia ugomvi wa kuku wa jirani, akacheka. Mtu akicheka hivyo utamdhania nini?

Sasa lile gauni. Kuna mama mmoja wa Uvira anayeuza vitenge nyumba kwa nyumba, huvuka mpaka toka Kongo na mzigo wake na kuuzungusha mji mzima, toka kwetu huku hadi Kibenga. Ndiye niliyempa nguo zilizokwisha awapelekee wateja wa mbali, na ndiye mtu pekee niliyemruhusu kuingia uani, akae kwenye kigoda chake pale mlangoni, mimi kwenye cherehani. Alinisema kila alipokuja.

“Fundi, we uko mu gereza, na polisi haiko.”

Kwa ajili ya Idi nilimchagulia mama yangu kitenge kutoka mzigo ule, cha kijani kibichi chenye majani ya njano. Sikuhitaji kumpima mama. Nilikuwa na gauni lake la zamani kabatini, nililomshonea mwenyewe Buyenzi, na ukubwa wake nilikuwa nao kichwani: mwanamke wa mwili, mabega mapana, anayejua kula na kupika. Nilikata kwa kipimo kile, nikaacha na akiba ya vidole viwili ndani ya mshono, maana mama hakuwahi kupungua, kila mwaka aliongezeka na kunilaumu mimi. Nikalituma.

Lilirudi baada ya Idi. Dada yangu alikuwa amechoma pini ubavuni, kila upande, kuonyesha nipunguze wapi. Hakuandika neno. Nilicheka. Nilipunguza, na Ijumaa nikamtania mama kwenye simu, nikamwuliza kama kuna mzee wa Kibenga anayepita dirishani, mbona siku hizi anataka nguo za kubana.

“Acha na mi nipendeze,” akasema, na tukacheka wote wawili.

Miezi miwili ikapita, likarudi mara ya pili na pini tena. Nikapunguza. Mara ya tatu nilikasirika. Nilisema peke yangu, na kwa sauti, kwamba dada yangu anadhani sina kazi, kwamba kama kipimo kimebadilika si aniletee kipimo kingine, kwamba watu wa Kibenga wakishajenga nyumba hawajui tena thamani ya saa ya mtu. Niliushona ubavu ule kwa hasira na mshono ukaenda upogo, nikauacha hivyo hivyo ili wajue nimekasirika. Hilo pia nalijutia. Mama alilivaa lile gauni lenye mshono wa upogo na hakusema kitu.

Mara ya nne mama wa vitenge alilitoa kwenye mzigo wake bila kunitania. Nikalitandaza juu ya meza ya kukatia. Pini zilikuwa ubavuni, na mikononi, na mara hii zilikuwa pia mabegani.

Mtu akijinyima apendeze hupungua kiuno. Mama anaweza kupata kichaa cha ujana uzeeni, nikakubali, lakini mabega hayana habari na mapenzi. Mabega ni mfupa. Nimeshona miaka ishirini na tano, na mabega niliyapunguza kwa watu wa aina moja tu. Nilisimama pale na mkasi. Halafu, kwa kuwa sikujua la kufanya na mikono yangu, nikaenda kwenye kapu la vipande nikatafuta vile vya kijani nilivyokuwa nimevikata safari zilizopita. Nikavipanga mezani, kimoja kando ya kingine, nikaongeza kwa chaki vile ambavyo pini zilinitaka nivikate leo. Vilitosha gauni la mtoto wa miaka sita.

“Mama wa vitenge,” nikasema, “ukifika Kibenga unamwona mama yangu?”

Aliendelea kukunja vitambaa vyake.

“Nakuuliza. Umemwona? Yuko namna gani?”

“Fundi,” akasema, “si we mwenyewe ndiyo unashonaka? Unaniuliza mi?”

Akabeba mzigo akaondoka, na mimi nikabaki na jibu lake. Nilijua. Siwezi kusema kwamba nilijua siku hiyo. Nilijua tangu mara ya pili, labda, mikono yangu ilijua na nikaikataza kuniambia. Mama alikuwa akipungua, nami nilikuwa nikipunguza. Jambo lililobaki lilikuwa moja, nimwone angali yupo au nisimwone, na kati yangu na yeye hapakuwa na kitu ila geti nililolifunga mwenyewe.

Ungedhani nilitoka mbio. Nilitembea zile hatua kumi na moja mpaka alasiri. Nikavaa, nikavua, nikavaa kanzu, nikaona kanzu itawafanya watu waniulize ninakwenda wapi, nikavaa shati. Nikatoka. Nilifika kwenye kona ya kibanda cha mkaa, hatua mia labda, na bwana mmoja akasimama mbele yangu na uso wa furaha.

“Ee, fundi! Sisi tulisema ulisha kuhama!”

Akaninyooshea mkono. Nilitazama chini, nikaona viatu vizuri na lile pindo baya. Huyu ndiye mtu ambaye miaka miwili nilikuwa ninazungumza naye kichwani. Nilisema nimesahau simu, nikageuka, nikarudi ndani, nikafunga, nikakaa chini nyuma ya geti. Nilijichukia. Nilijiambia kwamba hata hivyo hakuna basi, na ndipo nilipojisikia nikilisema lile neno la esansi mahali ambapo hakuna hata mtu wa kumdanganya.

Siku iliyofuata nilitoka baada ya alfajiri, kabla watu hawajawa wengi, bila kuvaa vizuri na bila kufikiri. Niliiambia miguu iende. Nilishuka kupitia mtaa wa Mutanga Nord, na ziwa likaonekana chini pale likiwa mahali pake, jambo ambalo kwa sababu isiyoeleweka liliniudhi. Mji ulikuwa mjini. Watu walikuwa wamejipanga foleni wakingoja mabasi, wakicheka, wakisukumana, wamegusana mabega kama vile hakuna kilichowahi kutokea, na kwao kwa kweli hakikuwepo tena. Magari yalipangwa kwenye kituo cha mafuta mpaka barabara nyingine, madereva wamelala juu ya usukani. Kila aliyekohoa nilimhesabia hatua. Katikati ya mji nilitaka kurudi mara mbili, na mara ya pili kilichonizuia ni kwamba kurudi kulikuwa mbali kuliko kwenda mbele. Visigino vilichubuka. Miguu yangu ilikuwa imezoea kukanyaga pedali, si barabara.

Nilifika Kibenga jua limekwisha kuwa kali. Dada yangu alifungua mlango, akaniangalia, akaweka kiganja mdomoni. Kisha akanivuta ndani kwa shati kabla sijapata nafasi ya kurudi hatua mbili.

“Yaya,” nikamwambia, kama tunavyowaita dada wakubwa, “kwa nini hukuniambia?”

“Aliniapisha nisikuambie. Nilishika Msahafu.” Akafuta macho kwa khanga. “Lakini ju ya nguo hakunikataza kitu.”

Alinieleza kwa sauti ya chini pale barazani: sukari, tangu mwaka uliopita, na sasa mafigo, na daktari alisema wamwache nyumbani apumzike. Baada ya safari ile ya kwanza, mama akiuliza mbona gauni linarudi tena kwangu, aliambiwa ni fundi mwenyewe anataka kulirekebisha, mshono wake haukumpendeza. Mama alifurahi kusikia napenda kazi yangu bado.

Alikuwa amekaa kwenye mkeka chumba cha nyuma, mgongo ukutani, na mito miwili. Alivaa gauni jingine la zamani nililomshonea, na ndani yake mama alikuwa kitu kidogo kilichoketi kona moja. Uso tu ulikuwa wake, na macho. Aliniangalia muda mrefu bila kustaajabu, kama anayengoja nieleze shida yangu.

“Nani amekuleta?”

“Nimekuja peke yangu, mama. Kwa miguu.”

Akamwambia dada yangu, “Toka uangalie inje. Kuna mutu amemuleta, mukaribishe, asisimame mu jua.”

Dada yangu alitoka kweli. Nilimsikia akifungua mlango wa mbele, akikaa kidogo, akiufunga. Akarudi. “Hakuna mutu, mama. Amekuja yeye mwenyewe.”

Hapo ndipo mama alipolia, na mimi nikapiga magoti mkekani nikamshika. Mikono yangu ilimzunguka ikapishana nyuma, na ingeweza kupishana zaidi. Hakuna pini iliyonidanganya. Alinukia karafuu na dawa. Nilihisi pumzi yake shingoni mwangu, pumzi niliyoikimbia miaka yote hiyo, na ilikuwa ya moto kidogo, ya kawaida kabisa. Nililia kwa namna ambayo fundi wa makamo hapaswi kulia, na sikujali.

“Kwa nini ulinificha, mama?”

“Nikuambie kusudi gani? We ndiye mugonjwa,” akasema. “Mi nilisema kwa wote, yule mutoto iko mugonjwa, musimuongezee.”

Aliniambia hayo bila lawama, kama anayeeleza mpango wa nyumba. Kisha, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuanza kunieleza, akanieleza yote.

“Nilimwambia dada yako, siku nitakufa, wanizike kwanza. Halafu ndiyo wakupigie simu.”

Nilimtazama dada yangu. Aliinamisha kichwa.

“Kwa nini, mama?”

“Kusudi watu wakiuliza mbona mutoto wake hakuja, wajibiwe hakujua.” Akanitengeneza ukosi wa shati. “Hakuna mutu angekusema vibaya.”

Mwanamke huyu, katika hali hiyo, alikuwa amekaa chini akapanga mazishi yake mwenyewe yapite bila mimi, ili nisiaibike kwa kushindwa kufika. Na alikuwa na haki ya kupanga hivyo. Siku moja tu nyuma nilikuwa nimeshindwa kupita kibanda cha mkaa.

“Mama, mi nitakuja,” nikasema. “Nitakuja kesho. Na kesho kutwa nitakuja. Na siku hiyo nitakuwa hapa.”

Aliniangalia vile mteja anavyomwangalia fundi anayeapa kwamba nguo itakuwa tayari Ijumaa.

“Inshallah,” akasema, akanipapasa mkono ili nisijisikie vibaya.